Uniti 75 za LUKU na kifua cha mtoto

Simu ya dada yangu iliingia saa mbili usiku. Mtoto anapumua vibaya, alisema, njoo. Nilipanda bodaboda mpaka Mbagala, tukambeba hadi kituo cha afya kilicho karibu. Daktari alimfunua kifua, akatazama saa yake na kuhesabu anavyopumua kwa dakika nzima. Mara 58. Mtoto ana miezi minane, na kwa umri huo akifikisha mara 50 kwa dakika tayari anahesabiwa kuwa anapumua haraka. Nimonia. Aliandikiwa dawa, na wakati dada anamfunga tena mbelekoni daktari akamuuliza swali ambalo hakulitegemea: mnapikia nini, na mnapikia wapi?

Mkaa, dada akajibu. Kwenye korido, maana uani mvua inanyesha. Na mtoto? Mgongoni.

Nimeandika habari za moshi wa jikoni mara nyingi kwenye kurasa hizi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano. Takwimu hiyo naijua kwa kichwa. Lakini sikuwahi kumuuliza dada yangu mwenyewe kwa nini anapika maharage kwa mkaa saa tatu nzima katika nyumba yenye umeme, wakati chini ya kitanda chake kuna jiko la presha la umeme alilozawadiwa kwenye kitchen party yake na halijatoka kwenye boksi.

Nilimuuliza usiku ule tukirudi. Jibu lake lilikuwa neno moja: LUKU.

Mstari uliopo kwenye mita yako

Wazazi wengi tunajua kwamba kuna nyumba zinazonunua umeme wa elfu moja zikapata uniti nane, na nyingine kwa elfu hiyohiyo zinapata mbili na pointi. Wengine hudhani ni bahati au mita mbovu. Ni makundi ya bei. Agizo la bei la EWURA la mwaka 2016, ambalo ndilo nililotumia kwa hesabu zote hapa, liliweka kundi la D1 kwa nyumba zinazotumia umeme kidogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi. Hapo uniti moja ni shilingi 100. Ukivuka 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kundi la T1, la matumizi ya kawaida, linalipa shilingi 292 kwa kila uniti kuanzia ya kwanza.

Juu ya bei hiyo inaongezwa VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia tatu na ya EWURA asilimia moja. Kwa hiyo uniti ya D1 inakufikia mkononi kwa shilingi 122, na ya T1 kwa shilingi 356 na senti. Elfu moja inaleta uniti 8.2 upande mmoja na 2.8 upande wa pili. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, ndiyo maana umeme wa kwanza wa mwezi huwa mdogo, na mara nyingi anayeukatwa ni mpangaji ambaye jengo si lake.

Bei ya D1 ni nafuu ya kweli. Uniti 75 kwa D1 ni shilingi 9,150. Kwa T1 ni karibu 26,700. Kwa mama anayeuza vitumbua, tofauti hiyo ni madaftari na viatu vya shule.

Tatizo ni nini kinachoingia ndani ya uniti 75. Chukua nyumba ya kawaida. Friji dogo hula karibu uniti moja kwa siku: 30. Balbu tano za LED za wati tisa, saa tano kila usiku: kama saba. Televisheni ya wati 80, saa tano: 12. Feni moja usiku, na Dar es Salaam bila feni mtoto halali: 13 hivi. Pasi ya wati 1,000, saa mbili kwa wiki kwa ajili ya sare za shule: nane. Jumla 70.

Zimebaki uniti tano za kupikia mwezi mzima.

Jiko la presha la umeme likipika maharage hutumia takribani nusu uniti, kwa sababu likishapata presha halivuti umeme muda wote. Nusu uniti kwa bei ya T1 ni shilingi 178. Tafuta kopo la mkaa la shilingi 178 mtaani kwako, ukilipata nipigie. Ukilitazama sufuria kwa sufuria, umeme umeshinda kwa mbali, hata kwa bei ya juu.

Lakini familia hailipi sufuria kwa sufuria. Pika hivyo kila siku, mwezi mzima ni uniti 15, na nyumba yetu ya uniti 70 inafika 85. Ikibaki D1 italipa kama shilingi 13,400. Ikizidi hivyo mwezi baada ya mwezi na ikahamishiwa T1, uniti hizohizo 85 zitakuwa shilingi 30,280, kwa sababu hata balbu na friji vitahesabiwa kwa bei mpya. Sasa maharage hayo hayagharimu shilingi 178 tena. Yamekula zaidi ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Mama anayekataa kuchomeka jiko haogopi teknolojia wala si mshamba. Amepiga hesabu.

Nyumba nne, mita moja

Kwa dada yangu hesabu ni mbaya zaidi, na nadhani hapa ndipo wapangaji wengi wa mijini watajiona. Nyumba yao ina familia nne na mita moja. Kila familia ikitumia uniti 40, kiasi kidogo kabisa, mita inasoma 160. Mita haijui kuhesabu watu. Inaona mtumiaji mkubwa, na nyumba iko T1. Kila familia inachangia kama shilingi 14,250. Familia hiyohiyo ingekuwa na mita yake ya D1, ingelipa 4,880.

Yaani nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo inampita anayeishi chumba na sebule kwa kuchangia, ikamfikia kijana anayeishi peke yake kwenye nyumba ndogo ya kujitegemea, hata kama ana mshahara mzuri. Sisemi kijana huyo anyang'anywe. Ila kipimo cha uniti bila kuuliza mita inahudumia familia ngapi hakimpati aliyelengwa.

Mita mpya? Mjini, kuunganishiwa umeme wa njia moja bila kuhitaji nguzo ni shilingi 320,960. Mpangaji gani atalipia hiyo kwenye nyumba ya mtu?

Na kwa kuwa wanachangia sawa kwa sawa, anayechomeka jiko anaonekana anawala wenzake. Mwenye nyumba amepiga marufuku: hakuna hita, hakuna jiko la umeme, pasi ni Jumapili tu. Basi jiko la mkaa likakaa korido.

Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Ni lengo zuri kwa vifua vya watoto. Lakini jikoni kwa mzazi, lengo hilo linakutana na mstari wa uniti 75 unaomwambia atumie umeme kidogo. Wenzetu Kenya waliusogeza wao kwa kuushusha: mwaka 2023 kikomo cha bei ya chini kilitoka uniti 100 hadi 30. Gesi ya mitungi nayo ina lake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na gesi haimo katika orodha hiyo. Mtungi ukipanda bei, mzazi anaambiwa dukani.

Wakati hayo yakisubiri wakubwa, yapo ya leo jioni. Kama unapikia mkaa, washa jiko nje na uliingize likishakolea, ingawa kukolea hakuondoi hewa ya sumu ya kaboni monoksidi. Usilale nalo chumbani hata likiwa majivu mekundu tu. Mtoto asiwe mgongoni wakati wa kuchochea. Loweka maharage tangu usiku, muda wa moto unapungua sana. Mtoto akikohoa, mhesabu anavyopumua akiwa ametulia, dakika nzima: mara 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 11, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, mpeleke kituo cha afya. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, usingoje asubuhi.

Na tazama risiti yako ya LUKU. Gawanya shilingi 1,000 kwa uniti, utajua uko kundi gani. Kama mko familia zaidi ya moja kwenye mita, kila chumba kikiwa na mita ndogo ya ndani ugomvi wa nani anakula umeme wa nani utapungua, japo bei itabaki ya T1.

Dada na wapangaji wenzake walikaa na mwenye nyumba Jumamosi iliyopita. Alikubali mita ndogo, wakanunua wenyewe. Jiko la presha limetoka chini ya kitanda, na mtoto alimaliza dawa zake siku ya tano. Kuhusu mita nyingine za LUKU, mwenye nyumba amesema wazungumze baada ya kodi ya Januari.