Maganda ya Kahawa Yanataka Hewa, Si Dawa

Kilo 100 za kahawa mbivu zikishamenywa huacha takriban kilo 40 za maganda mabichi. Yakirundikwa kando ya mashine hutoa uvundo na kuzalisha nzi. Yakisombwa na mvua hadi mtoni, bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni ya maji mpaka samaki wakakosa pumzi. Wapo wanaoamini kuwa ganda la kahawa, kwa sababu lina kafeini na tanini, haliozi vizuri bila vijidudu vya kununua. Udongo wenyewe unawakanusha. Humo wanasayansi wamepata aina za bakteria aitwaye Pseudomonas putida zinazoweza kuishi kwa kula kafeini peke yake, na humohumo wamo kuvu wanaovunja tanini na nyuzinyuzi ngumu. Wafanyakazi wapo tayari. Kinachokosekana ni mazingira ya kufanyia kazi.

Kikubwa katika mazingira hayo ni hewa. Maganda mabichi yamejaa maji, hivyo hushikamana na kuziba nafasi za hewa. Hapo hushika zamu bakteria wasiohitaji oksijeni, ambao huozesha polepole na kutoa asidi na gesi zinazonuka. Dawa yake ni kuyachanganya na vitu vikavu, kama majani ya migomba au mabua ya mahindi, kisha kuongeza samadi na mboji ya zamani au udongo wa shambani uwe mbegu ya vijidudu. Ukiuminya mchanganyiko, kiganja kilowe lakini maji yasichuruzike. Rundo likikaa sawa, joto lake hupanda hadi nyuzi 55 au 65 za Selsiasi.

Mkulima anayehofia kurudisha magonjwa shambani ana hoja, ila joto hilo huua vimelea vingi, mradi rundo lipinduliwe ili ya nje yaingie ndani. Kupindua ni kazi, na ndiyo gharama halisi. Tena mboji hutoa nitrojeni taratibu, kwa hiyo mbuni unaozaa sana huenda bado ukahitaji mbolea ya viwandani. Hata hivyo, mboji hii hurudisha potasiamu ambayo mbuni na mgomba huitumia kwa wingi, na huusaidia udongo kushika maji na hiyo mbolea iliyonunuliwa. Basi chama cha msingi chenye mashine ya kumenya kingefanya busara kutenga fedha za vibarua wa kupindua mboji kabla ya kufikiria chupa za vijidudu.