Mafaili ya ajabu katika kompyuta ya nyumbani: Tuchunguze kabla ya kutuhumiana

Miongoni mwa mambo yanayozua fitina ndani ya nyumba zetu katika zama hizi, lipo moja ambalo wengi huona haya kulisema hadharani. Nalo ni kompyuta ya nyumbani kuanza kufanya vituko. Kazi za shule za mtoto hupotea usiku mmoja. Picha za watu wasiojulikana hukutwa ndani yake. Barua huonekana na tarehe ya miaka mingi kabla ya kompyuta yenyewe kununuliwa. Kishale hutembea kwenye kioo na hali hakuna aliyegusa kitu. Mwenye nyumba hutazama, moyo ukamwenda mbio, kisha akauliza: ni nani aliyefanya hivi?

Swali hilo huonekana jepesi, lakini limekwisha kutoa hukumu, kwa kuwa muulizaji ameshaamua kwamba yupo mtu. Kinachobakia ni kumtafuta wa kubebeshwa mzigo, na aghalabu hubebeshwa mnyonge: binti wa kazi, mtoto wa kambo, mpwa aliyekuja kusoma, au mke anayeshukiwa kuwa na siri. Akikosekana mtu, hutajwa majini, au husemwa kuwa ni mkono wa jirani mwenye husuda.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaijua gharama ya dhana. Kwa miaka mingi katika maeneo ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na moja ya dalili zilizochukuliwa kuwa ushahidi ilikuwa macho mekundu. Macho yale yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi waliyoitumia kuwapikia wajukuu zao. Sababu ilikuwa jikoni, palepale, na aliyetaka kuijua angeijua. Hatusemi kwamba faili lililopotea ni sawa na roho ya mtu. Tunasema kwamba mwendo wa akili ni uleule: jambo halijaeleweka, na badala ya kuulizwa sababu, hutafutwa mtu.

Virusi vilivyovuka na abiria

Tuchukue mfano wa kaya iliyopo Busisi, wilayani Sengerema. Kompyuta ipo sebuleni, haijapata kuunganishwa na intaneti hata siku moja. Siku hiyo baba anaifungua na kukuta kila folda imegeuka alama ndogo yenye mshale, na akiibonyeza haifunguki. Anajiuliza, kama haina intaneti, balaa hili limeingilia wapi?

Jibu limo mfukoni mwa kijana wa nyumba hiyo. Kwa miaka mingi mtu wa Busisi aliyetaka kufika Mwanza mjini alisubiri kivuko avuke hadi Kigongo, upande wa Misungwi. Tangu tarehe 19 Juni 2025 lilipozinduliwa Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, safari ile ya kungoja kivuko imekuwa ya dakika chache. Kijana anavuka na flashi yake, anaingia katika duka la stesheneri kuchapisha barua ya maombi ya kazi, anaichomeka katika kompyuta iliyokwisha kuchomekwa flashi za watu kadhaa tangu asubuhi, kisha anarudi nyumbani. Flashi ni kama chombo kinachovusha watu. Mwenyewe anajua mzigo alioupakia, hamjui aliyedandia bila tiketi.

Virusi vya namna hii havifuti kazi za mtu. Huzipachika folda halisi alama ya kufichwa, kisha hutengeneza njia za mkato zenye majina yaleyale. Anayebonyeza njia ya mkato huviamsha virusi bila kujua. Kwa hiyo mtoto anayelia kwamba kazi yake imefutwa, kwa kawaida kazi yake ipo palepale, na fundi mwenye ujuzi huirudisha kwa muda mfupi. Linaloiangamiza kabisa ni haraka ya baba kuiamrisha flashi ifutwe yote ili "kutoa uchafu".

Virusi kusafiri mikononi mwa watu ni habari ya zamani. Mwaka 1986, mjini Lahore nchini Pakistan, ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliandika programu iliyokuja kuitwa Brain, kwa lengo la kulinda programu yao ya tiba isinakiliwe ovyo. Walitia ndani yake majina yao, anwani na namba za simu. Ilisambaa kwa diski laini kutoka mkono hadi mkono, ikafika nchi ambazo wao wenyewe hawakuzikanyaga. Mwishoni mwa mwaka 2008 kirusi kilichoitwa Conficker kiliingia katika mamilioni ya kompyuta duniani, na moja ya njia zake ilikuwa flashi. Wakati ule Windows ilikuwa na tabia ya kufungua yenyewe kilichomo ndani ya flashi mara inapochomekwa, kwa kufuata maelekezo ya faili dogo liitwalo autorun.inf. Mwaka 2011 Microsoft ilisambaza marekebisho ya kuizuia tabia hiyo katika matoleo yake ya zamani.

Na wapo waliopoteza vitu vyao kweli. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi kilichojifanya barua ya mapenzi, kilichoandikwa na kijana mmoja wa Manila nchini Ufilipino, kilienea duniani kwa barua pepe. Kila kilipoingia kilifuta picha na kuweka nakala zake mahali pake. Familia zilizopoteza picha zao siku ile hazikuwa na adui nyumbani. Aliyewadhuru alikuwa mbali, wala hakuwajua.

Umeme, betri na joto

Sababu ya pili ni umeme. Kompyuta inapohifadhi kazi haiandiki kila kitu papo hapo. Huweka sehemu katika kumbukumbu ya muda, kisha huihamishia kwenye diski. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, faili hubaki vipande. Mashine ikiwashwa tena huikagua diski, na vipande visivyojulikana vilikotoka huvikusanya katika folda iitwayo FOUND.000, na kuvipa majina kama FILE0000.CHK. Mtu asiyejua akikuta folda ya namna hiyo, ambayo hakuitengeneza yeye wala mwanawe, hushtuka. Kumbe ni mayatima waliookotwa na mashine baada ya umeme kukatika.

Sababu ya tatu ni betri ndogo, ya duara kama sarafu, iliyomo ndani ya kompyuta ya mezani. Kazi yake mojawapo ni kuiwezesha saa kuendelea kwenda wakati mashine imezimwa. Betri hiyo ikifa, saa hurudi nyuma hadi mwaka uliowekwa kiwandani, na kila barua itakayoandikwa siku hiyo itabeba tarehe hiyo ya kale. Hapo ndipo mume hukuta barua ya mkewe yenye tarehe ya kabla ya ndoa yao, akaanza kuhesabu miaka na kujenga kesi. Tarehe ya faili husomwa kutoka katika saa ya mashine. Kabla ya kumuuliza mke, iangaliwe saa. Betri yenyewe ni ya bei ndogo. Ndoa haina bei.

Zipo na sababu nyingine za kimaumbile. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaotanda juu ya maji kama moshi, huvutwa na mwanga. Wakifia pamoja na vumbi katika matundu ya feni, mashine hushindwa kupumua, ikapata joto na kujizima yenyewe. Chai iliyomwagikia kibodi hunasisha kitufe kimoja, herufi zikajiandika. Chaja isiyo na waya wa ardhini huweza kuivuruga sehemu ya kugusa ya kompyuta ya mapajani, kishale kikaonekana kinatembea chenyewe.

Hata maneno ya mashine huogofya. Katika Windows 95 na 98, programu ilipokwama lilitokea tangazo la Kiingereza ambalo maana yake ni kwamba programu imefanya kitendo kisicho halali na itafungwa. Mzazi aliyelisoma neno hilo alikuwa na haki ya kushangaa ni haramu gani imetendeka sebuleni kwake. Mafundi walikusudia tu kusema kwamba programu imekosea njia.

Picha za watu wasiojulikana

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalovunja nyumba. Picha isiyofaa, au ya mtu asiyejulikana, ina milango mingi ya kuingilia bila mkono wa mtu wa nyumbani.

Mlango wa kwanza ni kompyuta ya mtumba. Mashine nyingi zilizofika kwetu zilitumika kwanza katika ofisi na nyumba za nchi nyingine, na si kila muuzaji huisafisha diski. Mlango wa pili ni intaneti. Mtu anapofungua ukurasa wa habari, kompyuta huhifadhi nakala za picha zote zilizomo, na za matangazo ya biashara pia, ili ukurasa ufunguke upesi siku nyingine. Picha hizo hukaa katika folda ya muda, zikiwa na majina marefu ya herufi na tarakimu zisizo na maana. Mlango wa tatu ni makundi ya WhatsApp. Simu isipozuiwa, picha zinazotumwa na mtu yeyote wa kundi hujihifadhi zenyewe, na simu ikinakiliwa kwenye kompyuta huhamia huko zote, za harusi na za aibu.

Kwa hiyo, mahali lilipokaa faili ni ushahidi kuliko faili lenyewe. Picha iliyo katika folda ya muda, yenye jina lisilosomeka, kwa kawaida imewekwa na mashine. Picha iliyopewa jina na kupangwa katika folda maalumu imepitiwa na mkono wa mtu. Hata hapo, mkono wa nani na lini ni maswali yanayohitaji uchunguzi.

Mwongozo wa dini

Mtoto wa Mtume Muhammad (S.A.W.), Ibrahim, alipofariki katika mwaka wa 10 Hijria, jua lilipatwa siku hiyohiyo. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Kama kulikuwa na siku ya kuyaacha maneno hayo yapite, ni ile, kwani yalimtukuza mwenye msiba. Mtume (S.A.W.) hakuyaacha. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni ishara katika ishara za Mwenyezi Mungu, na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu yeyote. Ikiwa jua lenyewe halikuachwa lifasiriwe kwa dhana, seuze kompyuta.

Kuamini kuwepo kwa majini ni katika imani yetu. Lakini imani hiyo si ruhusa ya kuwabandika majini kila kinachotushinda kueleza, hali betri imekufa. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, Waumini wameamrishwa wahakikishe habari wasije wakawadhuru watu kwa kutojua, kisha wakajutia waliyoyatenda. Na katika aya ya 12 ya sura hiyohiyo tumekatazwa dhana nyingi, tukakatazwa na kupelelezana. Tuyazingatie yote mawili. Wapo wanaotaka "kuchunguza", kumbe wanavunja nywila ya mke au mume ili wasome barua zake. Huko ni kupelelezana. Pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ya Tanzania inakataza kuingia kwa makusudi katika kompyuta ya mwingine bila idhini.

Tufanye nini?

Kwanza, tuwe na subira. Kompyuta ikifanya kituko, tusifute kitu na tusimwite mtu kumhoji. Tuandike tulichokiona, jina la faili, mahali lilipo na tarehe yake, kisha tuitazame saa ya mashine.

Pili, tukague flashi yoyote kwa programu ya kupambana na virusi kabla ya kuifungua, nasi tuihuishe programu hiyo mara kwa mara. Wenye Windows 10 wafahamu kwamba Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025.

Tatu, tuweke nakala za kazi na picha muhimu mahali pawili, kimoja nje ya kompyuta. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Nakala ndiyo kamba ya ngamia wetu.

Nne, kila mwanafamilia awe na akaunti yake ndani ya kompyuta ya pamoja, na kompyuta ikae sebuleni panapoonekana na wote. Hapo hakuna atakayebeba lawama ya mwingine.

Tano, tusiposhindwa na sababu hizi zote, na ikathibitika kwamba yupo mtu anayeingia katika mashine kutoka nje, tubadilishe nywila tukitumia kifaa kingine kilicho salama, na tulifikishe jambo kwa fundi mwaminifu na kwa polisi. Na ikibainika kwamba ni kijana wetu aliyeangalia yasiyofaa, tukae naye faraghani kwa upole. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya watu hujifunza kuficha zaidi.

Binti wa kazi aliyefukuzwa kwa faili ambalo hakulijua hata jina huondoka na mfuko wake na sifa mbaya itakayomtangulia kila nyumba atakayobisha hodi. Siku fundi atakapoiweka betri mpya na saa ikarudi sawa, yeye hatakuwepo kusikia kwamba hakuwa na kosa. Mwenyezi Mungu azilinde nyumba zetu na dhana, na atupe subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.