MRIJA WA KLACHI

Wengi wetu twapenda kutazama gari zuri likipita, lakini ni wachache walioinama kutazama yaliyo chini yake. Leo nataka kueleza habari za kipande cha bomba jembamba ambacho, kikiachia, gari la kasi hugeuka kuwa pambo la uani.

Gari lenyewe ni Porsche 914, lililotengenezwa Ujerumani tangu 1969 hata 1976 kwa ushirika wa Porsche na Volkswagen. Injini yake iko nyuma ya viti, mbele ya magurudumu ya nyuma. Sasa ni gari la kale, na wenye nalo hulitunza kama urithi.

Pedali ya klachi iko mbele, na giaboksi iko nyuma. Nguvu ya mguu hupelekwa huko na waya wa chuma upitao ndani ya mrija. Mrija huo umefichwa katika handaki la bati lililo katikati ya sakafu, nao umeshikizwa humo kwa kuchomelewa. Mpango wa Volkswagen Beetle ni kama huo. Beetle ndilo lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1957 na tena 1962, na kwa gari hilo ndipo nilipojifunza kazi hii, katika karakana ya mjomba wangu wakati wa likizo.

Watu husifu waya, kwa kuwa ndio uvutao. Lakini waya ukivutwa mahali palipopinda hutaka kunyoka, tena husugua mrija na kuusukuma. Kama mrija umekazwa, nguvu yote hufika kwenye klachi. Kama umeachia, sehemu ya nguvu hupotea kwa kuutikisa mrija. Hapo gia hulia, hukataa kuingia, na hata ukikaza nati ya waya, baada ya siku chache mambo ni yale yale. Wengine hununua waya mpya, wengine hushusha giaboksi, na fedha nyingi hupotea bure. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kuna njia rahisi ya kupima. Mtu mmoja na akanyage pedali, na mwenzake atazame mahali mrija unapotokea nyuma. Mrija ukienda na kurudi pamoja na pedali, basi umeachia.

Kabla ya kutengeneza, sikilizeni sana jambo hili. Katika Porsche 914, mabomba ya petroli pia hupita ndani ya handaki lile lile. Mtu akiwasha moto wa kuchomelea pasipo kuyaondoa, aweza kupoteza gari, na hata roho yake. Kwa hiyo kwanza toa waya wa betri. Kisha ondoa petroli na mabomba yake, fungua madirisha na milango ili mvuke utoke, na uondoe viti na zulia. Weka kizima-moto karibu, na mtu wa kukitumia.

Baada ya hayo, chomoa waya wa klachi. Kata bati la ubavu wa handaki pande tatu, ulikunje kama mlango mdogo, mkabala na mahali palipoachia. Sugua kutu mpaka chuma king'ae, rudisha mrija mahali pake pa asili, kisha uuchomelee. Usitie moto mwingi, maana mrija ni mwembamba na hutoboka upesi. Ukiisha kupoa, pitisha waya ndani yake; ukipita bila kukwama, kazi ni njema. Ndipo uchomelee ule mlango, upake rangi ya kuzuia kutu, na urudishe mabomba ya petroli. Yakague kama yavuja kabla ya kurudisha waya wa betri.

Mwisho, usirudishe waya wa zamani ulioshika kutu. Waya mkavu huukwaruza na kuuvuta mrija kila pedali ikanyagwapo, na huenda ndio uliouvunja. Tia mpya, uupake grisi, kisha urekebishe ulegevu wa pedali kama kitabu cha gari kisemavyo.

Fundi hodari hutafuta kwanza kile kilichopaswa kutulia na hakikutulia, ndipo ashike spana.