Kabla ya Kununua BMW ya KBZ

Kwenye yadi za Ngong Road, BMW 320i nyeusi yenye namba za KBZ inaweza kuwekewa bei inayokaribiana na ya Toyota Axio. Kijana wa Gatwekera, Kibera, aliyepokea zamu yake ya pesa za chama anaitazama Axio kwa adabu, kisha anarudi kwa ile nyeusi. Simkatazi. Nataka tu ajue kwa nini imeshuka bei hivyo, na deni lililobaki ndani yake limejificha wapi.

Tuanze na namba. KBZ inaonyesha kwamba gari lilisajiliwa Kenya karibu mwaka 2014. Haisemi lilitengenezwa lini. Kanuni zetu huruhusu gari lililotumika kuingia nchini kabla halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza lilikotoka, ndiyo maana KBZ nyingi za aina hii ni chuma cha 2007. Hiyo ni E90, kizazi cha Series 3 kilichozinduliwa 2005, na sedani yake ikaacha kutengenezwa 2011. Ilishuka Mombasa ikiwa tayari na umri, halafu ikaongeza miaka zaidi ya 10 kwenye foleni za Nairobi. Mita ya kilomita haihesabu saa ilizosimama Dagoretti Corner injini ikinguruma, na hizo saa ndizo zilizoila.

Chuma chenyewe bado kina nguvu. Kinachokwisha ni plastiki na mpira: tangi la maji, viungio vya mipira, sili, gasketi. Hivi vinazeeka kwa kupata moto na kupoa, kila siku, hata kama gari halitoki nje ya kaunti. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo BMW nyingi za mtaani zinapofia.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya sufuria jikoni kwako Gatwekera yanachemka yakifika nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Sasa chukua injini ya N52, ile ya silinda 6 iliyo kwenye 323i na 325i, ndugu za ile 320i. Imeundwa ifanye kazi maji yake yakiwa kwenye nyuzi 105, na ukiiendesha taratibu, kompyuta inayaacha yapande hadi karibu 112 ili kuokoa petroli. Yaani maji ya injini hiyo yako juu ya kiwango cha kuchemka kwa muda mwingi wa safari. Yanazuiwa kuchemka na vitu viwili tu: koolanti iliyochanganywa humo, na shinikizo linaloshikiliwa na kifuniko, mipira na tangi la plastiki. Tangi hilo likipata ufa mwembamba kama unywele, shinikizo linatoroka na maji yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke haupoozi chuma. Kichwa cha injini kinapinda, gasketi inaungua, na gharama ya kukitengeneza inaweza kuanza kushindana na bei ya gari.

Mbaya zaidi, E90 haina mshale wa joto la maji kwenye dashibodi. Kuna taa tu, nayo huwaka mambo yakiwa yameshaharibika. Pampu ya maji ya N52 nayo inaendeshwa kwa umeme, si kwa mkanda, na hufa bila kupiga kelele. Ndiyo sababu mafundi wanaozijua wanabadilisha pampu, themostati na tangi kwa pamoja gari linaponunuliwa, hata kama havijaharibika. Usipokuwa na pesa za kazi hiyo siku ya kununua, bado hujafikia bei ya gari hilo.

Fundi wa jua kali aliyelelewa na Corolla ana dawa yake: ng'oa themostati, jaza maji ya mfereji, twende. Kwenye Corolla ya zamani mtu aliponea. Kwenye N52, themostati inatawaliwa na kompyuta. Ikiondolewa injini haifikii joto lake, petroli inamwagwa zaidi na taa ya injini inabaki imewaka. Bloku yake ni mchanganyiko wa magnesiamu na alumini, metali zinazoliwa haraka na maji yasiyo na kinga ya kutu. Maji ya mfereji ni ya kukufikisha nyumbani siku ya dharura, basi.

Oili inafuata. Ulaya, BMW iliruhusu oili ikae hadi kilomita 25,000 au miaka 2. Kwa vumbi na foleni zetu, mimi hubadilisha kati ya 7,000 na 8,000. Kataa 20W-50 hata ukipewa kwa bei ya rafiki: mfumo wa valvu wa injini hizi unategemea oili nyepesi ipite kwenye vijitundu vyembamba. Dai 5W-30 au 5W-40 yenye kibali cha BMW cha LL-01. Na gia boksi ikiwa ya kampuni ya ZF, usiamini hadithi kwamba oili yake ni ya maisha. ZF wenyewe wanapendekeza ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza hapa karibu asilimia 15 au zaidi ya nguvu. Farasi 150 waliosifiwa kwenye karatasi wanafika Kibera kama 125. Faida yake ni kwamba injini hiyo haigongi kwa urahisi, kwa hiyo ikiwa nzima, petroli ya bei ya juu haitakuongezea kitu cha maana. Yenye tabo ni hesabu nyingine. Wengi tunakumbuka bajeti ya 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, mawaziri walipoambiwa waachie magari makubwa wachukue ya injini isiyozidi cc 1,800, na serikali ikanunua Passat. Ukikutana sokoni na Passat ya 1.8 TSI ya miaka hiyo, yenye tabo, uliza habari za mnyororo wa taimingi na inakula oili kiasi gani, kabla ya kuuliza bei.

Na Gatwekera? Vichochoro vingi vya ndani ni vya miguu na pikipiki, kwa hiyo gari linalala barabarani au kwenye maegesho ya kulipia. Chora namba ya usajili kwenye vioo vya pembeni na taa, usije ukaibiwa ukavinunua vyako mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Grogan. E90 nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya rani-flati, bila tairi la akiba. Shimo moja likipasua tairi na rimu, umekwama. Ile plastiki pana ya chini ya injini, ambayo mafundi hupenda kuitupa ikigusa tuta, irudishwe. Inaelekeza hewa na kuzuia matope.

Kipimo cha kompyuta kinauzwa kila mahali sasa, lakini msimbo hautaji spea ya kununua. Kikisema hewa imezidi petroli, wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, kumbe ni mpira wa kupumulia injini uliopasuka. Mlipe fundi muda wa kutafuta.

Siku ya kuikagua, fika alfajiri na umwombe muuzaji asiiwashe kabla yako. Fungua kifuniko cha maji ikiwa baridi: rangi ya kutu, ondoka. Kwa 320i, iache ingurume dakika 15, kisha kanyaga mafuta huku mwenzako akitazama ekzosti. Moshi wa buluu ni sili za valvu. Halafu thibitisha rekodi ya NTSA kwenye eCitizen, uone kama jina la benki au sacco bado limo, na umpigie wakala wa bima. Kampuni nyingi husita kutoa komprihensivu kwa gari la umri huo, na thadi pati haikulipi rimu, tangi wala kioo.