Sauti ya Mkinga Kwenye Santuri ya Randy Weston

Novemba 1960, wanamuziki wa jazi zaidi ya 20 waliingia studio ya Bell Sound jijini New York kurekodi kazi moja ndefu ya sehemu nne. Kiongozi wao alikuwa mpiga piano kutoka Brooklyn, Randy Weston. Kazi yenyewe aliiita Uhuru Afrika. Anayeiweka santuri hiyo leo akitarajia kukaribishwa na tarumbeta na saksafoni anakutana kwanza na mwanamume anayesoma shairi kwa Kiswahili. Jina lake ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, Mkinga, yule yule ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa Makete.

Hapa Iyunga, jijini Mbeya, akina Sanga tunao. Wakinga ndio wameshika sehemu kubwa ya biashara ya jiji la Mbeya, na kwao si mbali: unapandia Isyonje, unavuka Kitulo, unateremkia Makete. Hata hivyo wapo watu wengi huku Nyanda za Juu Kusini wanaoweza kukutajia wapiga gitaa wote wa bendi ya Tancut Almasi ya Iringa bila kuwa wamewahi kusikia kwamba mtu wa kwao ndiye anayefungua mojawapo ya kazi kubwa za jazi za karne iliyopita. Nadhani sababu moja ni kwamba kazi za Weston hazijaelezwa vya kutosha kwa lugha hii aliyoichagua mwenyewe.

Weston alizaliwa Brooklyn Aprili 6, 1926. Mama yake alitoka Virginia. Baba yake alizaliwa Panama katika ukoo wenye asili ya Jamaika, na alikuwa mfuasi wa mwanaharakati Marcus Garvey. Baba huyo alikuwa na vitabu na ramani za Afrika nyumbani, akamlea mwanawe akimwambia kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Ni baba huyo huyo aliyemlazimisha kijana kujifunza piano wakati mwenyewe, kwa urefu wake, alitamani mpira wa kikapu. Alipokuwa mtu mzima Weston alizidi mita 2, na kiganja chake kilifunika sehemu ya piano ambayo wengine huifikia kwa kuruka. Wimbo wake unaopigwa zaidi na wanamuziki wengine duniani, Hi-Fly, aliupa jina kutokana na jinsi ardhi inavyoonekana kwa mtu mrefu kiasi hicho.

Mwalimu wake mkubwa hakuwa wa darasani. Baada ya kutoka jeshini alimfuata mpiga piano Thelonious Monk, akawa anakwenda nyumbani kwake kumsikiliza. Kwa Monk alipata jambo ambalo halikumtoka tena: noti chache zinaweza kubeba uzito mkubwa, na nafasi tupu kati ya noti mbili nayo ni sehemu ya wimbo. Mpiga piano wa aina nyingine huijaza nafasi hiyo kwa vidole vyepesi vya mkono wa kulia. Weston anaiacha wazi, kisha anashuka upande wa kushoto kabisa wa piano, kwenye sauti nzito, na kugonga.

Ukilifungua piano utakuta nyuzi za chuma zaidi ya 200 na, kwa kila kibao, nyundo ndogo iliyofunikwa manyoya yaliyoshindiliwa. Ukibonyeza kibao, nyundo inapiga waya. Kwa hiyo piano lina nyuzi kama zeze lakini linapigwa kama ngoma. Wapiga piano wengi wa Ulaya walifundishwa kuuficha mpigo huo ili sauti itiririke kana kwamba inaimbwa. Weston alitaka mpigo usikike. Mkono wake wa kushoto unashika mzunguko mmoja wa noti tatu au nne na kuurudia bila kuchoka, huku wa kulia ukija kwa hesabu nyingine juu yake. Nyimbo zake kadhaa za mwanzo, kama Little Niles na Pam's Waltz, ziko katika hesabu ya tatu. Anayesikiliza kwa haraka atasema ni waltz ya Kizungu. Asikilize tena mkono wa kushoto, aone jinsi mbili zinavyosukumana na tatu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama karibu na ngoma za Wanyakyusa msibani au harusini anaujua msukumano huo mwilini, hata kama hajui kuueleza.

Alianza na kundi dogo. Mwaka 1955 alitoa santuri ya trio, yaani kundi la watatu: yeye kwenye piano, Sam Gill kwenye besi na Art Blakey kwenye ngoma. Humo tayari kuna kipande alichokiita Zulu. Trio ni muundo mgumu kuliko unavyoonekana. Katika bendi kubwa mpiga piano anaweza kujificha nyuma ya tarumbeta. Katika trio kila mmoja ana kazi mbili au tatu kwa wakati mmoja: piano ni mwimbaji na mpangaji, besi inashika njia ya wimbo na mapigo yake, ngoma inagawa muda na kujibu yanayosemwa. Mmoja akilegea, wimbo mzima unaonekana mfupa.

Kutoka kundi hilo la watatu, Weston alikwenda upande mwingine kabisa. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na yeye akataka kuandika muziki wenye ukubwa wa jambo hilo. Alimwita Melba Liston, mpiga tromboni aliyezaliwa mwaka mmoja na yeye, na huyo ndiye aliyeupanga muziki wote kwa ajili ya kundi kubwa. Naona Liston anatajwa kidogo mno. Tungo zilikuwa za Weston, lakini namna pembe zinavyoingia na kutoka, rangi ya sauti, mahali ambapo kundi zima linanyamaza ili ngoma ziseme, yote hayo ni kalamu ya Liston. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Martha Flowers na Brock Peters waliimba. Kwenye midundo walikusanywa watu ambao ni nadra kuwakuta chumba kimoja: Max Roach wa Marekani, Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido Camero na Armando Peraza wa Cuba.

Ilibaki lugha. Weston alitaka lugha ya Afrika, na alipouliza miongoni mwa watu wa Umoja wa Mataifa alielekezwa kwenye Kiswahili. Ndipo akapatikana Sanga, na shairi la Hughes likasomwa kwa Kiswahili, pia kwa Kiingereza. Kwa mchambuzi, mahali liliposomwa ndipo penye uzito. Kazi nyingi za wakati ule ziliweka neno la Kiafrika kwenye jalada, ndani ukakuta muziki ule ule wa siku zote. Hapa Kiswahili kinatangulia, na jazi inakuja kama jibu. Sehemu ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, ya mwisho inaitwa Kucheza Blues. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na uhuru wake ungefika Desemba 9, 1961, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Maana yake Sanga alisoma shairi la uhuru akiwa bado mtu wa nchi inayosimamiwa na wengine. Serikali ya makaburu kule Afrika Kusini iliupata ujumbe: mwaka 1964 santuri hiyo ilipigwa marufuku.

Weston alifika Lagos mwaka 1961 na tena 1963. Mwaka 1967 alizunguka Afrika Magharibi na Kaskazini kwa ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani, na ziara ilipokwisha akahamia Morocco. Alikaa miaka kadhaa, akafungua ukumbi wa muziki Tangier. Huko alikutana na Wagnawa, wazao wa watu waliotolewa Afrika Magharibi na kupelekwa kaskazini utumwani. Chombo chao kikuu, gimbri, kina nyuzi tatu na kimewambwa ngozi, hivyo mpigaji anachomoa noti na kupiga ngoma kwa mkono ule ule. Nadhani hapo Weston alipata uthibitisho wa jambo ambalo vidole vyake vilikuwa vikilifanya tangu 1955: uzi na ngoma havikuwa vyombo viwili. Mwaka 1992 alirekodi na mabingwa wa Kignawa.

Kutoka hapo ni rahisi kuelewa kwa nini miaka yake ya mwisho alirudi kwenye watatu. Albamu yake ya 2006, Zep Tepi, ni ya trio, lakini ni trio tofauti na ile ya Blakey. Neil Clarke hakai nyuma ya seti ya ngoma za kisasa, anapiga ngoma za mkono. Alex Blake, mzaliwa wa Panama kama baba yake Weston, anaketi na besi yake kubwa na kukwangua nyuzi zake zote kwa mpigo, mara akiipiga kofi besi yenyewe. Yaani besi imekuwa gimbri, piano limekuwa ngoma, na ngoma inaongea. Mambo yaliyohitaji watu zaidi ya 20 mwaka 1960 sasa yamebebwa na watatu. Kwa sikio langu hapa ndipo kilele cha safari yake, ingawa wengi watakuambia ni Uhuru Afrika.

Weston alipenda kusema kwamba piano ni chombo cha Afrika, na kusema kweli alikuwa na hoja. Kwa miongo mingi ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 vibao vyeupe vya piano vilifunikwa kwa pembe za ndovu. Viwanda vikubwa vya kazi hiyo nchini Marekani vilikuwa Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, na pembe zao kwa sehemu kubwa zilipitia Zanzibar. Zilifika Zanzibar mabegani mwa wapagazi kutoka bara, na bara hiyo ni pamoja na huku kwetu. Utengule, karibu na Mbalizi, palikuwa na ngome ya Merere wa Wasangu, mtawala aliyefanya biashara ya pembe na wafanyabiashara wa pwani. Simaanishi kwamba piano fulani la Brooklyn lilitoka Utengule. Lakini Weston aliposema kuna Afrika ndani ya piano, hakuwa akitunga fumbo.

Kwetu neno jazi lilikwenda njia nyingine. Western Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz zilikuwa bendi za dansi, na ndani yake gitaa ndilo lililotawala. Piano lilibaki kanisani na shuleni, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na kinanda cha umeme. Vijana wengi wa Mbeya wanaopiga kinanda vizuri wamejifunzia kwaya, kwa Wamoravian, kwa Walutheri, kwa Wapentekoste. Wana masikio makali. Kinachowabana ni ule mdundo wa kujiendesha uliomo ndani ya kinanda, unaowashwa kwa kitufe na kubaki hivyo hivyo hadi amina. Ukiwa na mdundo huo mkono wa kushoto haujifunzi kitu.

Weston alifariki nyumbani kwake Brooklyn Septemba 1, 2018, akiwa na miaka 92, na miaka 100 ya kuzaliwa kwake inaangukia Aprili 6, 2026. Wapo duniani watakaoiadhimisha kwa bendi kubwa. Mbeya ingeweza kuifanya kwa watatu: kinanda kilichozimwa mdundo wake, gitaa la besi kwa kuwa besi ya kusimama huku ni adimu, na mpiga ngoma wa mkono kutoka Rungwe au Makete badala ya seti. Waanze na Hi-Fly, kwa sababu njia yake ni nyepesi kushika na inawapa wote watatu nafasi ya kuzoeana. Little Niles ifuate, polepole, ili mbili na tatu zisikike zikisukumana. Kucheza Blues iwe ya mwisho, na wasiipige mpaka mtu amesimama kwanza na kusoma shairi la Hughes kwa Kiswahili, kwa sauti kavu isiyo na ala yoyote nyuma yake.