Mpita Njia katika Visiwa vya Shimanami

Asubuhi mjini Onomichi, mkoa wa Hiroshima, wanafunzi wenye sare, kina mama wenye vikapu na watalii wenye kofia ngumu hupanda kivuko kimoja, wengi wao wakikokota baiskeli. Kuvuka hadi kisiwa cha Mukaishima hakuchukui hata dakika kumi. Ukishuka huhitaji ramani. Fuata mstari wa buluu uliochorwa kando ya lami, nao utakupitisha visiwa sita vya Shimanami, takriban kilomita 70, hadi Imabari kwenye kisiwa kikubwa cha Shikoku. Magari hupita kushoto, kama Kenya na Tanzania.

Kupanda kwenye madaraja yanayounganisha visiwa hivi hakuchoshi kama mtu anavyohofia, maana baiskeli zimejengewa njia yake inayopanda taratibu katikati ya mashamba ya machenza. Kwenye daraja la Innoshima, waendesha baiskeli hupita chini na magari yananguruma juu ya vichwa vyao. Daraja la Tatara, lililofunguliwa mwaka 1999, lina mita 890 kati ya nguzo zake mbili, na wakati huo hakuna daraja lingine duniani la aina yake, yaani linaloshikiliwa na nyaya kutoka nguzoni, lililolifikia.

Zamani, kupita hapa kulikuwa na bei. Ukoo wa Murakami, mabaharia ambao walioibiwa waliwaita maharamia, ulishika milango-bahari hii katika karne ya 15 na ya 16. Chombo kilicholipa ushuru kilipewa bendera yenye alama ya ukoo na kupita salama, kilichokaidi kilijuta. Biashara hiyo ilikoma baada ya mtawala Toyotomi Hideyoshi kupiga marufuku uharamia mwaka 1588.

Siku hizi mpita njia huachiwa dhamiri yake. Kwenye kisiwa cha Ikuchijima, maarufu kwa malimau, na kwingineko njiani, wakulima huweka vibanda vidogo visivyo na muuzaji. Mifuko ya matunda imepangwa, bei imeandikwa, mara nyingi yeni 100 au zaidi kidogo, na pembeni kuna kopo la fedha. Mwenye mali yuko shambani. Chukua, lipa, endelea na safari. Ni rahisi kusema Wajapani ni waaminifu tu basi, lakini kijiji ambacho kila mtu anamjua jirani yake nacho ni mlinzi.

Shikoku wamekwenda mbali zaidi. Mahujaji wa Kibudha huzunguka mahekalu yake 88, safari ya kilomita 1,200 hivi, na wenyeji huwapa matunda, chai, hata fedha, bila kudai chochote. Desturi hiyo huitwa osettai, na hujaji hapaswi kuikataa. Hushukuru kwa kutoa kikaratasi chenye jina lake. Mwendesha baiskeli si hujaji, ila ukarimu huo humgusa pia: nyumba na maduka kadhaa ya njiani yameweka alama kumjulisha kwamba anaweza kupumzika, kunywa maji na kuazima pampu.

Saa kumi na moja jioni, vipaza sauti vya vijiji vingi hupiga muziki, na watoto wanajua muda wa kurudi nyumbani umefika. Mgeni naye awahi kwenye nyumba ya wageni ya familia, minshuku, kwa sababu chakula cha jioni kina saa yake na mwenyeji ameshapika, pengine wali wa samaki aitwaye tai. Viatu huachwa mlangoni. Kabla ya kuingia kwenye beseni la maji ya moto mtu huoga kwanza, kwa sabuni, mpaka atakate. Maji yale ni ya wote.

Wanaoendeleza desturi hizi wengi ni wazee. Karibu Wajapani watatu katika kila kumi wamefikisha miaka 65, na visiwani hali ni nzito zaidi, kwani vijana wamehamia mijini na baadhi ya mashamba yamegeuka vichaka. Kwa hiyo ukijaliwa kupita huko, nunua hayo machenza. Beba sarafu za yeni 100 za kutosha, kwa kuwa kopo halirudishi chenji.