Utangulizi: Siri ya Mgonjwa na Wajibu wa Taasisi

Utunzaji wa siri za mgonjwa ni taaluma inayodhaniwa na wengi kuwa ya wanasheria na makaratasi, ilhali msingi wake ni matibabu yenyewe. Mgonjwa humweleza tabibu mambo ambayo hajamwambia hata mwenza wake. Akihofia kwamba yatavuka mlango wa chumba kile, atayaficha, au atapanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya ya mbali asikojulikana.

Tangu kale madaktari wamekula kiapo cha kutunza siri. Kiapo, hata hivyo, humfunga aliyeapa. Siku hizi faili la mgonjwa mmoja hupita mapokezi, maabara, dirisha la dawa, uhasibu na kwa karani wa bima. Siri nyingi huvuja bila mtu kukusudia ubaya: rejesta imeachwa wazi mezani, majibu yametumwa kwenye kundi la WhatsApp kuombewa ushauri. Ndiyo maana taasisi yenyewe lazima iwe na mpango: afisa anayewajibika, mafunzo kwa kila mfanyakazi hadi mlinzi wa getini, kumbukumbu ya nani alifungua faili lipi, na mahali pa mgonjwa kupeleka malalamiko.

Kisa cha Kenya kinafundisha mengi. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya UKIMWI, za walezi wao, na za akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Kupanga huduma ni jambo jema. Lakini fomu zilizotumika ziliunganisha jina la mtu na hali yake ya afya. Shauri lilifikishwa Mahakama Kuu, na Desemba 2016 ikaamuliwa kwamba utaratibu huo ulikiuka haki ya faragha iliyomo katika Ibara ya 31 ya Katiba, pamoja na maslahi ya watoto. Na sheria haikukosekana: Kenya tayari ilikuwa na sheria ya mwaka 2006 iliyolinda siri za wanaoishi na virusi hivyo. Kwa maoni yangu, kilichopungua ni mtu mwenye mamlaka ya kuuliza, fomu zikiwa bado hazijasambazwa: idadi inatosha, au kweli tunahitaji majina?

Sheria zimeongezeka tangu hapo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sura zijazo zitazichambua.

Kabla ya kuzifikia, nakuomba jambo moja. Chukua fomu yoyote inayotumika kituoni kwako, uipitie kipengele kwa kipengele, ukiuliza kila kimoja kinamsaidiaje mgonjwa. Kisicho na jibu, pendekeza kiondolewe.